Umeme Huru si Umeme wa Bure

Mimi ni Théodore Kisimba, mwana wa Mwalimu Alexis Kisimba, aliyefundisha hesabu mjini Kalemie kwa miaka thelathini na mmoja. Mjukuu wa Ngoy Kisimba, karani wa stesheni ya reli, ambaye hakuitwa barazani hata siku moja kujibu shtaka. Katika ukoo wetu neno likishatoka kinywani huwa dhamana. Kwa sababu hiyo kisa hiki kinanichoma, nami nakiandika kama kilivyotokea.

Tunaishi Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, katika jengo la ghorofa tatu. Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia ngazi, mjukuu wangu Shekinah, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, huketi mlangoni na kuwasomea majirani barua zao za Kiingereza: za shule, za benki, za hospitali. Wengi wetu tulitoka Kongo tukiwa watu wazima. Yeye alizaliwa hapa. Majirani walimwita Mkalimani, nami nilitembea kifua mbele.

Jumamosi moja mwenye nyumba alitukutanisha uani na bwana mmoja wa kampuni ya kuuza umeme. Sheria ya nchi imeanza kufungua soko la umeme, lisiwe tena la muuzaji mmoja. Mwenye nyumba alikuwa amepata kampuni mbili, akataka wapangaji wachague. Bwana yule alisema Kiingereza chake mbio mbio, akilitaja neno “free” mara tatu. Shekinah alisita, kisha akatamka kwa sauti thabiti, “Anasema tukichukua kampuni yake, kuanzia mwezi ujao umeme ni bure.”

Watu walipiga makofi. Mamie, msusi wa ghorofa ya chini, alikunja uso.

“Johannesburg hii hata choo cha stendi unalipia,” alisema. “Mtoto, muulize tena.”

“Mjukuu wangu haulizi mara mbili,” nilimjibu. Tukatia sahihi sote.

Mita mpya zilifungwa zikiwa na uniti chache za kuanzia. Siku ya tatu ya mwezi, saa nne asubuhi, zikaisha. Gustave, fundi cherehani, alikuwa na sare za shule hamsini za kukabidhi siku hiyo, na cherehani yake ikanyamaza katikati ya mshono. Alishuka ngazi akiita majirani. Wakamkuta Enos, Mkenya anayelinda jengo na kutunza ufunguo wa chumba cha mita. Enos hakuwapo mkutanoni.

“Washa umeme wetu,” Gustave alisema.

“Stima imeisha kwa mita, boss. Nunua uniti, itarudi.”

“Ninunue kitu cha bure? Unatuzimia ili tukulipe wewe.”

“Nani amewaambia stima ni ya bure? Hata kwetu Kisumu hakuna kitu kama hiyo.” Enos akacheka.

Kicheko hicho kilimponza. Ngumi ya Gustave ilimpata mdomoni, jino likadondoka sakafuni. Wengine wakamvamia kwa mateke. Niliingia kati, nikapigwa kiwiko kifuani, nikaanguka ukutani. Wakamburuta kwa ukosi juu ya saruji mpaka mlango wa chumba cha mita, damu ikichora mstari nyuma yake. “Mshikisheni waya,” mtu alisema, “ajue umeme ni wa nani.” Gustave akaokota bomba la chuma. Enos aliinua mkono kujikinga. Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu kama kuni.

Gustave aliinua bomba mara ya pili, safari hii akilenga kichwa. Shekinah akapenya katikati ya miguu ya watu wazima, akamlalia Enos.

“Papa Gustave, nipige mimi. Mimi ndiye niliyesema bure.”

“Toka hapo, mtoto.”

“Neno lile lina maana mbili, bure na huru. Alisema tuko huru kuchagua. Sikumwelewa. Niliona aibu kusema sijui.”

Gustave hakulishusha bomba. Mamie alilitwaa mkononi mwa Gustave, kama mama anavyomnyang’anya mtoto kisu.

“Nilisema aulizwe tena,” alisema. Alikuwa akinitazama mimi.

Tulimpeleka Enos hospitalini. Alimshtaki Gustave polisi, na ilistahili. Gustave alilala rumande siku mbili, kisha akagharimia matibabu yote.

Jumamosi iliyofuata tuliusoma mkataba upya. Enos, mkono ukiwa ndani ya plasta, aliketi karibu na Shekinah. Mara tatu mtoto alisimama na kusema, “Hapa sijui,” na kila mara tulimpigia simu bwana wa kampuni atueleze. Tulifahamu kwamba waya na nguzo ni zile zile, yeyote umchaguaye. Kinachobadilika ni muuzaji na masharti yake. Kampuni yetu ilijisifu kwa uniti za bei ya chini, lakini ilikata ada kila mwezi kabla hujapata hata uniti moja. Kampuni ya pili haikuwa na ada, na kwa familia zitumiazo umeme kidogo ilikuwa nafuu. Mkataba uliruhusu kujitoa ndani ya mwezi wa kwanza. Tulijitoa, tukahamia kampuni ya pili.

Siku hiyo nilimwomba Enos msamaha mbele ya jengo zima. Nikamgeukia Shekinah. “Wewe ulificha usichokijua,” nilimwambia, “na mimi nilimzuia mtu asikuulize. Kiburi chetu sisi wawili kilimvunja mtu asiye na hatia.”

Basi sikilizeni, ninyi vijana, maana siwaombi, nawaagiza. Mkipewa uhuru wa kuchagua, mmepewa wajibu wa kuuliza: uniti ni bei gani, kuna ada gani, na nikitaka kutoka natokaje? Yeyote kati yenu afanywaye ulimi wa wazazi wake asitafsiri kwa kubahatisha. Aseme “sijui” mapema, kungali salama. Plasta imeondolewa, lakini mkono wa Enos haunyooki. Mkikutana naye ngazini, msalimuni kwa heshima, na mkumbuke ni neno gani lililompinda.