Mtungi wa Kitambaa Chekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi mbili: kuchota maji na kumchunga dada yangu Sabdio. Maji hayakunisumbua. Aliyenisumbua ni dada yangu, kwa sababu hakutaka kuchungwa.

Sabdio ana miaka ishirini na miwili na haoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne, kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani kwetu Bulla Pesa, mjini Isiolo, nilijipa cheo cha kuwa macho yake. Nilimtilia chai, nikamchagulia ushungi, nikamshika mkono kila tulipotoka. Tulikuwa na ishara yetu: nikimbana kiganja, ajue mbele kuna kitu kibaya, kama shimo, mwiba au moto. Dukani mwenye duka akimuuliza anataka nini, mimi ndiye niliyejibu, "Sukari nusu kilo."

"Dahabo!" alinifokea siku moja tukirudi. "Nimekosa macho, sijakosa mdomo!"

Nilinuna mpaka nyumbani. Mtu unamsaidia, halafu anakufokea!

Lakini hasira zake zilikuwa na chanzo kingine pia. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu akituma barua za kuomba kazi. Waajiri wote walimwambia, "Tutakupigia simu." Simu haikulia. Kuna bwana mmoja hata hakuongea naye. Alimgeukia Mama na kumuuliza, "Huyu anaweza kubaki peke yake kweli?" Sabdio alikuwa ameketi hapo hapo mbele yake.

Ndipo Madam Gacheri alipoanza kuja kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka upande wa Meru, mwenye haraka na viatu vilivyojaa vumbi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu wenye ulemavu ajira na kuwaeleza waajiri namna ya kufanya kazi nao. Yeye ndiye aliyemfundisha Sabdio kutembea mjini kwa fimbo nyeupe.

Siku moja aliingia, akajitupa kwenye kiti. "Habari zenu? Mama Sabdio, tafadhali usinipe chai. Mwezi huu nimebisha milango kumi na moja. Kumi wamenipa chai na maneno matamu. Kazi hakuna. Nimechoka na chai!"

"Na wa kumi na moja?" Sabdio aliuliza.

"Wa kumi na moja umefunguka kidogo."

Mlango huo ulikuwa wa kikundi cha akina mama wauzaji wa maziwa ya ngamia. Kila asubuhi gari huwaletea mitungi kutoka Kulamawe na Kinna. Kila mtungi umefungwa kitambaa cha rangi kwenye mkono wake, ili ijulikane umetoka kwa nani. Maziwa yote humiminwa katika mtambo mmoja wa kupoza, kisha husafirishwa hadi Nairobi. Mtungi mmoja uliochacha ukipita, maziwa yote yanaharibika. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kunusa na kuonja kila mtungi kwanza. Mama aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alikuwa amehamia kwa mwanawe Garbatulla.

Na Sabdio alikuwa na pua! Alilelewa na nyanya yetu aliyeuza maziwa maisha yake yote. Angeweza kunusa mtungi akakwambia umefukizwa moshi wa makaa ya mti gani ili maziwa yasiharibike, na kama ulioshwa kabla ya kufukizwa.

"Msimamizi wao, Mama Shuriye, atamjaribu Jumamosi," Madam Gacheri alisema. "Mitungi sita. Lakini amenionya kwamba akikosea hata mmoja, nisimpelekee mtu mwingine tena. Na nina vijana wengine wanne wanaongoja nafasi kama hii."

"Nitaenda na wewe, Madam," Sabdio alisema haraka. "Dahabo abaki."

"Dahabo atakushika mkono," Mama alikata shauri. "Pale kuna magari na matope."

Sabdio alivuta pumzi ndefu. Mimi nilifurahi. Nilijiambia kwamba bila mimi angepotea.

Jumamosi tulifika mapema. Akina mama walikuwa wakipakua mitungi pamoja na kijana mmoja wa kubeba mizigo aliyeitwa Nanok. Nikiwa nimesimama pembeni, nilimsikia Nanok akisema, "Hii ya kitambaa nyekundu ni ya Mzee Salad. Wiki hii tumerudisha mara tatu. Inanuka!" Nikaweka neno hilo akilini.

Mama Shuriye alikuwa mwanamke mrefu wa sauti nzito. "Salaam aleikum," alitusalimu. Kisha akamwambia Madam Gacheri, "Abaayo, dada yangu, mimi nimekubali juu yako tu. Hii kazi inataka mtu mzima."

"Aleikum salaam," Sabdio alijibu. "Mimi ni mtu mzima, Mama."

Alianza. Huku nimemshika mkono, alinusa mtungi wa kwanza, akaonja kidogo kwenye kikombe. "Haya ni mazuri." Mama Shuriye akatikisa kichwa kukubali. Mtungi wa pili alinusa tu. "Haya yalikamuliwa jana jioni. Yanaanza kuchacha." Akina mama wakatazamana.

Mtungi wa tatu ulikuwa ule wa kitambaa chekundu. Sabdio aliinama, akanusa, akatabasamu. "Haya ni ma—"

Nikambana kiganja. Nilibana kwa nguvu zangu zote.

Tabasamu lilimtoka. Alinusa tena, akaonja, akanusa mara ya tatu. Uso wake ulionyesha wasiwasi mtupu. Nikambana tena. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Haya... yameharibika."

Mama Shuriye akachota kikombe, akanywa chote mbele yetu. "Haya ni ya leo alfajiri," alisema. "Jana nimegombeza Salad, ameosha mitungi yake na maji moto. Leo hakuna maziwa safi kushinda haya." Akaweka kikombe chini. Kisha, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, akamwambia dada yangu, "Inatosha, binti yangu. Si makosa yako. Mungu akufungulie njia ingine."

"Mama Shuriye, bado mitungi mitatu," Madam Gacheri alisihi. "Hata mwenye macho hukosea!"

"Mwenye macho nitamfunza. Huyu nitamfunza aje? Abaayo, tuliongea. Usiniletee mtu tena."

Njiani Sabdio aliuchomoa mkono wake kutoka kwangu. Tulipofika nyumbani ndipo aliponigeukia.

"Nilikuwa nimejua," alisema. "Nilijua ni mazuri. Kwa nini ulinibana?"

"Kitambaa kilikuwa chekundu! Nilisikia wakisema mtungi huo unanuka. Nilitaka kukusaidia!"

"Nani alikuomba? Pua yangu iliniambia kweli, nikaiacha nikafuata mkono wako. Tangu utotoni nimeambiwa anayeona ndiye anayejua. Na wewe umenifanya niamini tena mbele ya watu wote." Machozi yalimtoka. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Mzee Salad kwa kuosha mitungi yake siku ile, nikamkasirikia Nanok na domo lake, hata kitambaa nilikikasirikia. Ilinichukua siku mbili nzima kufika kwa mtu niliyepaswa kumkasirikia, yaani mimi mwenyewe.

Jumatatu jioni Madam Gacheri alikuja. Safari hii hakuwa na haraka. "Ni kosa langu," alimwambia Sabdio. "Nilikuharakisha. Sasa sijui nitawaambia nini wale wanne. Lakini nieleze, ule mtungi wa tatu ulikuwaje? Ulianza kusema ni mazuri, nilikusikia."

Nilimtazama Sabdio nikingoja anitaje. Hakunitaja. Alikuwa radhi kubeba aibu yangu, baada ya yote niliyomfanyia. Nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," nilisema, na maneno yakatoka yote kwa mkupuo: ishara yetu, kitambaa, kubana mara mbili.

Nilidhani Madam Gacheri angenipiga bega na kuniambia si kitu. Hakufanya hivyo.

"Dahabo, ulidanganya," alisema. "Jaribio lilikuwa la Sabdio, wewe ukaingiza jibu lako kwa siri. Na zaidi ya hapo, hukumwamini. Ungemwamini, ungekaa kimya."

"Nisamehe, Madam. Mwambie Mama Shuriye ilikuwa makosa yangu."

"Mimi? Hapana. Nimeshawasemea watu vya kutosha mwezi huu. Hili utalisema kwa mdomo wako mwenyewe."

Kesho yake baada ya shule nilikwenda peke yangu. Akina mama walikuwa wakiosha mitungi na kuifukiza kwa makaa. Nilimwamkia Mama Shuriye, nikamweleza kila kitu, huku wote wakinisikiliza.

"Walahi!" mmoja alisema. "Mtoto amekula kazi ya dada yake!"

"Haki mimi ndiye nilisema ile maneno ya kitambaa," Nanok alisema akijikuna kichwa.

Mama Shuriye aliweka mtungi chini. "Kwa hivyo pua yake ilikuwa sawa. Macho yako ndiyo imekosa."

"Ndiyo, Mama."

"Na umekuja peke yako kuniambia? Hakuna mtu amekutuma?"

"Madam Gacheri alisema hatanisemea."

Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Huyo mwanamke ni mgumu. Haya. Mwambie dada yako aje Jumamosi. Lakini wewe, mguu wako usipite hiyo lango."

Nyumbani, Sabdio alikataa katakata. "Niende nikaaibishwe tena?" Madam Gacheri alikuja mara mbili kumsihi, na mara ya pili waligombana hadi Mama akatoka nje. Ijumaa usiku ndipo Sabdio alipokubali, tena kwa hasira. "Nitaenda niwaonyeshe, kisha nirudi zangu."

Jumamosi alitangulia kwa fimbo yake, Madam Gacheri kando yake. Mimi nilifuata hatua ishirini nyuma, nikaishia langoni. Kuona bila kusema neno ni adhabu, nawaambieni! Nilisimama nimejishika mikono mwenyewe.

Mitungi mitano aliitambua bila kusita. Mitatu mizuri, mmoja wa jana, mmoja umetiwa maji. Yote sawa. Mtungi wa sita ulikuwa na kitambaa cha kijani, na harufu yake nzuri ya moshi ilinifikia hadi langoni. "Huu hauna maneno," mama mmoja alisema.

Sabdio alinusa. Akanusa tena. Akaonja, akatema. "Huu usiumimine."

Nanok aliangalia chini.

"Binti," Mama Shuriye alisema polepole, "hiyo mtungi imetoka kwangu. Ni ngamia wangu."

Nilitaka kupiga kelele. Sema umekosea, Sabdio! Sema ni mazuri! Nikauma midomo.

"Samahani, Mama," Sabdio alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Aliyeutayarisha hakuuosha. Ameufukiza moshi mwingi juu ya maziwa ya zamani ili kuficha. Moshi ni mzuri, lakini chini yake kuna uchachu. Haya hayatafika Nairobi."

Mama Shuriye aliwasha jiko mwenyewe, akamimina kikombe kimoja katika sufuria, akakoroga. Wote tulitazama. Maziwa yalipoanza kuchemka, yalikatika, yakawa mabonge madogo yakielea kwenye maji.

"Wanangu wamenidanganya," alisema hatimaye. "Na mimi nimekuwa nikimimina tu kila siku, kwa sababu ni ya kwangu." Akamgeukia Sabdio. "Mtu ambaye anaweza kukataa mtungi wangu mbele yangu, huyo ndiye nataka. Utaanza lini?"

"Gari la pili linaingia," Sabdio alisema. "Nalisikia. Nianze sasa?"

Madam Gacheri alikamilisha mapatano pale pale, kabla mtu hajabadili nia. Badala ya rangi pekee, alisema, vitambaa vitiwe mafundo, kila nyumba idadi yake, ili Sabdio ajue kwa vidole mtungi ni wa nani. Simu yake inayosoma kwa sauti itamsaidia kuweka rekodi. Mama Shuriye aliuliza mambo mawili, akakubali. Kisha akaongeza bila kuulizwa, "Na wale wanne ulinitajia, leta mmoja anajua kompyuta."

Madam Gacheri alikuja langoni nilikosimama. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa moshi au kwa nini.

"Umeona, Dahabo?" alisema. "Watu wengi niliowabishia milango si wabaya. Wana huruma tele, kama wewe. Lakini huruma isiyo na imani humfungia mtu nyumbani. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza anataka nini. Akisema hataki kitu, mwache afanye kazi yake, akosee na apatie mwenyewe. Na usiseme uongo kwa ajili ya mtu unayempenda, maana uongo huo utamwangukia yeye kwanza."

Niliitikia kwa kichwa. Nilimwita dada yangu kutoka pale nje, "Sabdio, nije nikuchukue mchana?"

Alikuwa ameshainama juu ya mtungi mwingine, mikono ya nguo ameikunja. Aliinua uso kuelekea sauti yangu.

"Nikikuhitaji nitakupigia simu," alisema. "Sasa nenda nyumbani, Dahabo. Niko kazini."

Nikaenda.