Kalibu ya Enos

Rafiki yangu Delphia Stamper, wa hapahapa kwetu milimani Kentucky, alinisimulia haya kidole gumba chake kikiwa bado kimefungwa kitambaa.

Binti yake alitaka kuolewa na kijana wa Lonzo Begley, lakini Lonzo aligoma. Kwao walishikilia kwamba Enos, babu wa zamani wa kina Delphia, ndiye aliyemuua babu yao, na risasi yenyewe waliitunza kwenye kikopo. Ilikuwa kigololi chenye mkwaruzo mmoja, mdogo kama ukucha wa mtoto. Enzi zile za bunduki za fataki, kila bunduki ilikuja na kalibu yake ya kumiminia risasi, na kalibu ikiwa na kovu, kovu hilo huonekana kwenye kila risasi inayotoka humo. Delphia alipoikuta kalibu ya Enos kwenye stoo chini ya nyumba, akamwita Lonzo.

“Shuka, bwana. Enos hakuumi.”

“Ananiuma tangu nizaliwe.”

Wakamimina nta ya mshumaa, ikaganda, wakafungua. Kigololi kikatoka laini kama yai, bila mkwaruzo wowote. Lonzo akakipapasa weee, kisha akavua kofia.

“Haya, mama. Waoane.”

Delphia akacheka huku analia, pumzi yake ikauzima mshumaa. Gizani, mezani, vyuma vikagongana: kach!

“Lonzo, umeifunga?”

“Mimi niko ngazini.”

Delphia akaipapasa kalibu, akaifungua. Ndani mlikuwa na kigololi kizito, cha moto kama kimeepuliwa sasa hivi. Kikamuunguza kidole gumba, na chini ya kidole akahisi mkwaruzo, mdogo kama ukucha wa mtoto.