Ua la Tabaka la Saba

Kila Ijumaa baada ya kazi, Mama Tindo aliliogesha jiwe lake.

Alilishusha kutoka kwenye rafu ya sebuleni, akaliweka ndani ya beseni, akalisugua kwa brashi na sabuni ya unga. Kisha alilikausha kwa fulana kuukuu ya marehemu mumewe na kulipaka mafuta ya kupikia. Jiwe liling'aa. Ndivyo wapasua mawe wote walivyofanya kabla ya kumwonyesha mteja bapa zuri la sakafu: osha, sugua, paka mafuta. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni vibaya.

Jiwe lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa bapa la kijivu, upana wa sahani. Katikati palikuwa na alama ya rangi ya kahawia: kikonyo chembamba, jani moja, na juu yake ua dogo lililolingana na kifungo cha shati. Mumewe alilipasua miaka miwili iliyopita, wiki tatu kabla ya homa ya mapafu kumchukua. Machimboni walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kukimbilia kitu chochote isipokuwa chakula. Siku ile alirudi na jiwe kwapani, akasema, "Nimekuletea ua. Hili halinyauki." Mama Tindo alimcheka sana. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, na hilo ndilo ua la kwanza.

Sasa hakulicheka tena. Alimkosa mumewe wakati wa kula, alimkosa njiani, na zaidi alimkosa machimboni, ambako walipiga nyundo bega kwa bega. Kulihudumia lile jiwe kulikuwa kama kumhudumia yeye. Bintiye, fundi cherehani aliyeishi naye, alimwachia saa yake hiyo bila kutia neno.

Jumanne moja alifika machimboni mwanamke mwenye buti za vumbi na mkoba uliojaa magazeti ya zamani. Wapasua mawe walidhani ni mwuza magazeti, tena asiyejua biashara. Kumbe alikuwa mtaalamu wa makumbusho. Aliwauliza kama wamewahi kuona mawe yenye alama za majani au wadudu. Aliyejibu alikuwa shemeji yake Mama Tindo, mdogo wa marehemu, mtu asiyeweza kuweka siri wala kukumbuka alipoweka nyundo yake.

"Shemeji yangu huyu ana jiwe lenye ua," alisema. "Analiogesha kila wiki. Mimi mwenyewe siogi kwa sabuni nyingi hivyo."

Watu wakaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka. Aliomba kwa adabu aende kuliona, na jioni ile Mama Tindo akamkaribisha nyumbani.

Mtaalamu aliliweka jiwe mezani, akatoa kioo cha kukuza, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaeleza kwamba hicho ni kisukuku, yaani mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya jiwe. Pale penye machimbo, alisema, zamani palikuwa na ziwa lililotulia. Ua lilianguka majini likazama, na tope laini likalifunika kabla halijaoza. Tope likazidi kurundikana juu yake, likashindiliwa, hatimaye likawa jiwe. Maua huoza upesi, ndiyo maana visukuku vyake ni adimu.

"Zamani ipi hiyo, mwanangu?" Mama Tindo aliuliza. "Ya mababu?"

"Zaidi ya miaka milioni mia moja, mama. Watu hawakuwapo. Na kabla ya hapo, kwa muda mrefu mno, dunia ilikuwa ya kijani lakini haina maua. Kulikuwa na kangaga, mimea ya majani isiyochanua, na miti ya jamii ya misonobari. Halafu maua madogo kama hili yakaanza kuonekana kwenye mawe."

"Yalitoka wapi?"

"Hapo ndipo wataalamu tunapobishana mpaka leo. Yalitokana na mmea gani, yalianza lini hasa, yalianzia majini au nchi kavu. Hatujui yote. Lakini mahindi, maharage, mpunga, hata pamba ya nguo uliyovaa, vyote ni wazao wa mimea ya maua ya mwanzo. Kwa hiyo tunatafuta asili ya chakula chetu." Aliligusa bapa pembeni kwa ncha ya kidole. "Fikiria, mama. Ua hili lilikaa gizani muda wote huo. Jicho la kwanza la mtu kuliona ni la mumeo."

Mama Tindo alitazama pembeni.

Kisha mtaalamu akasema jambo lililomtia wasiwasi. Ile rangi ya kahawia ni utando mwembamba kuliko karatasi. Brashi inaukwangua. Sabuni inaulegeza. Mafuta yanazama jiweni, yanashika vumbi, na yanavuruga vipimo. Aliuliza kama ua lilikuwa hivyohivyo tangu mwanzo. Binti akachukua simu yake, akatafuta picha aliyoipiga siku jiwe lilipofika. Wakalinganisha. Kwenye picha ua lilikuwa na petali sita. Kwenye jiwe zilibaki nne, na ya nne ilikuwa kivuli tu.

"Mimi ndiye ninayelifuta," Mama Tindo alisema. "Kwa mikono yangu."

"Hukujua, mama."

"Sikujua, lakini limefutika."

Mtaalamu aliuliza upande wa pili uko wapi. Bapa likipasuka huzaa mapacha wawili, na pengine petali inayokosekana kwa mmoja hubaki kwa mwenzake. Mama Tindo alijua alikokwenda pacha yule. Aliuzwa pamoja na mawe mengine, akalazwa kwenye sakafu ya mtu, uso chini, ua likazama kwenye saruji. Hakuna aliyekumbuka ni sakafu ipi.

"Basi tungejua angalau lilitoka sehemu gani ya machimbo," mtaalamu alisema. "Kisukuku kisichojulikana kilikotoka hakitusaidii sana. Hatuwezi kukadiria umri wake vizuri, wala kutafuta wenzake."

Mama Tindo akaligeuza jiwe. Kwa miaka miwili aliuosha uso tu, mgongo hakuujali. Lakini wapasua mawe wana desturi yao: kila bapa huandikwa mgongoni kwa penseli nyekundu namba ya tabaka lake, kuhesabu kutoka juu, ili sakafu moja isichanganye rangi. Na pale mgongoni palikuwa na mwandiko wa Taratibu, mkubwa, ulioinama kushoto: "Tabaka la 7, upande wa kisima." Na mshale ulioonyesha juu.

Mtaalamu alifurahi waziwazi. Mama Tindo hakumsikia. Alikuwa akiutazama mwandiko ule, na machozi yakamshuka bila kelele.

Ombi lilikuja kabla ya kuagana. Mtaalamu alitaka jiwe likahifadhiwe makumbusho, kwenye droo kavu, mbali na jua na mikono ya watu. Mama Tindo alikataa katakata. Alisema ataacha kuliosha, inatosha. Mtaalamu hakumshurutisha. Alimwachia magazeti yake na namba ya simu.

Ijumaa ilifika. Mama Tindo hakutoa beseni. Alikaa mbele ya rafu, mikono haina kazi. Moshi wa jikoni ulikuwa ukipita juu ya jiwe, na mafuta ya zamani yalikuwa yameshika vumbi kwenye jani. Alitamani kulipangusa, kidogo tu. Alipojiona amekwisha nyanyua fulana, akaelewa kwamba hataweza. Mapenzi yake yangelimaliza lile ua.

"Mpigie yule dada," alimwambia bintiye. "Aje kabla sijabadili shauri."

Mtaalamu alipofika, walilifunga pamoja kwa magazeti, tabaka juu ya tabaka. Mama Tindo aliomba jambo moja: mgongo usisafishwe kamwe. Mtaalamu alimwambia kwamba kwa kazi yake mgongo ule una thamani kuliko uso. Rafu ilibaki tupu, na kwa siku kadhaa Mama Tindo alikuwa akiikwepa kwa macho.

Wiki iliyofuata mtaalamu aliwafundisha wapasua mawe wote. Ukiona alama kwenye jiwe, usioshe, usisugue, usipake kitu. Weka mapacha wote wawili, usimtenge mmoja. Andika papo hapo tabaka na upande. Funga kwa magazeti, kisha piga simu. Kama alama ni kubwa au jiwe linameguka, liache lilipo mpaka mtaalamu aje. Shemeji aliuliza kama naye akiachwa alipo ataitwa kisukuku. Alijibiwa kwamba aongeze bidii, bado kidogo.

Wakaanza kupasua tabaka la saba upande wa kisima, taratibu. Mwezi wa kwanza walipata majani manne na mbegu moja, na mapacha wote wakahifadhiwa. Makumbusho wakakuta chembe za chavua, ule unga wa maua, ndani ya mawe ya tabaka hilo, na kwa chavua hizo wakaweza kukadiria umri wa tabaka. Habari zikafika machimboni kwamba mmea ule huenda ulikuwa mdogo, wa ukingo wa maji, na kwamba wataalamu wa mbali wameomba kuja kuuona. Hata wale waliokuwa wakinung'unika kuhusu magazeti wakaanza kuwakemea wenzao walioshika brashi.

Asubuhi moja Mama Tindo alitia tindo, patasi yake ya chuma, kwenye ubavu wa bapa nene, akagonga mara tatu. Jiwe likafunguka.

Lilikuwa ua zima. Petali sita, kikonyo, majani mawili, na pembeni yake chipukizi ambalo halikuwahi kuchanua. Upande wa pili, pacha wake, alama ileile imegeuka. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ameliona, ila yeye.

Aligeuka upande wa kulia, mdomo wazi, kumwita. Miaka ishirini na mitatu aligeukia huko. Palikuwa na lundo la kokoto tu, na jua.

Moyo ulimuuma kama siku ya kwanza. Kisha akageukia upande wa pili walikokuwa wenzake.

"Shemeji," aliita. "Njooni nyote. Msiguse. Njooni muone."