Jiko la Bibi Ghorofa ya Nne

Kila Jumamosi Chiriku alikuwa na kazi tatu: kupiga deki, kuteremsha nguo chafu kwenye chumba cha mashine za kufulia chini kabisa ya jengo, na kumvisha bibi yake soksi, jozi mbili, moja juu ya nyingine. Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na huo ulikuwa mwezi wa tano tangu wahamie katika jiji lile kubwa la baridi. Mama yake, daktari, alikuwa amekuja kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto katika hospitali kuu. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, ndiyo maana Bibi mzaa mama alifunga safari pamoja nao, ili mtoto asibaki peke yake Mama anapokuwa zamu.

Jumamosi hiyo baridi haikuwa na mzaha. Vyuma vya ukutani vinavyopasha nyumba joto vilikuwa vimezimika tangu jana yake, na msimamizi wa jengo alisema fundi angekuja Jumatatu. Mvuke wa pumzi zao uliganda kwenye vioo vya dirisha kwa ndani. Mama alikuwa ameondoka alfajiri kwa zamu ya kutwa kucha, akawaachia mablanketi yote.

"Mke mwenzangu," Bibi aliita, meno yakigongana, "hebu nivutie lile sanduku langu."

Chiriku alijua kilichomo. Bibi alisafiri na jiko lake dogo la mkaa, amelifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Siku walipofika, Mama alilicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akasema kwa ukali: "Hili lisiwashwe humu ndani hata siku moja." Hakueleza zaidi. Alikuwa anachelewa kazini.

"Bibi, Mama alikataza."

"Alikataza moshi. Mimi nimepikia jiko miaka hamsini, nimelea watoto sita pembeni yake, na nani alikufa? Mkaa ukishaiva ukawa mwekundu, moshi hakuna, ubaya hakuna. Na usimwambie. Ana mtihani wiki ijayo, tusimjaze kichwa. Leo huo mdomo utie kufuli."

"Na ufunguo?"

"Nitaumeza mimi."

Wakacheka. Mkaa waliununua dukani, ule unaouzwa kwa watu wa kuchomea nyama nje. Waliuwasha kibarazani mpaka ukawa mwekundu mzima, kisha Bibi akaliingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Chiriku akachukua taulo, akaziba uwazi wa chini ya mlango, joto lisipotee. Madirisha ya nyumba ile yalikuwa na vioo viwili viwili na mpira pembeni. Hata sindano ya upepo haikupita.

"Sasa pamekuwa kwetu," Bibi alisema, akanyoosha vidole juu ya moto na kumshukuru Mungu.

Kufika saa sita, Bibi alilalamika kuwa kichwa kinamuuma. "Uzee tu huu," alisema, akajilaza. Chiriku naye kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini nguo zilikuwa zinamsubiri. Alishuka nazo. Mashine zote zilikuwa na watu, akapanga foleni, na baada ya muda kichwa kikamwacha. Aliporudi, saa mbili zilikuwa zimepita.

Bibi alikuwa amelala upande, matapishi kwenye mto. Chiriku alimwita, akamtikisa, akampiga piga mashavuni. Alikuwa anapumua, lakini hakuamka.

Chiriku alisimama katikati ya chumba. Wakiliona jiko, aliwaza, tutafukuzwa nyumba. Na Mama atafukuzwa mafunzoni. Akalibeba kwa tambara hadi kibarazani, akalimwagia maji, akalifunika kwa ndoo. Akafagia majivu. Akalitoa taulo, akafungua dirisha. Ndipo alipokimbia kugonga kwa jirani, dereva wa basi, naye akaita gari la wagonjwa.

Walipelekwa hospitali ile ile ya Mama. Daktari wa zamu alimwinamia Chiriku.

"Bibi amekunywa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Kulikuwa na gesi nyumbani? Moto? Kitu chochote kinachowaka?"

"Hakuna," Chiriku alisema.

Daktari alitazama kifaa kidogo kilichobana kidole cha Bibi. "Tisini na tisa. Hewa anapata vizuri. Nahofia kiharusi. Mpelekeni akapigwe picha ya kichwa."

Mama akaingia mbio, bado na sare yake ya kazi. Alimshika Bibi shavu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, umemwambia daktari kila kitu?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Kitanda kikaanza kusukumwa. Midomo ya Bibi ilikuwa wazi, imekauka, na mkono wake ulining'inia. Chiriku aliuona ule mkono ukipita mlangoni. Akakimbia, akakishika kitanda kwa nguvu zake zote.

"Jiko! Tuliwasha jiko la mkaa chumbani! Tangu asubuhi!"

Daktari hakumkaripia. Hakuwa na wakati huo. "Oksijeni, yote! Damu ipimwe sasa hivi!" Kisha, akihangaika na barakoa, akamwambia Mama kwa sauti ya chini: "Kifaa cha kidole hudanganywa na sumu ya mkaa. Ningempigia picha huku anatuponyoka." Chiriku naye akavishwa barakoa.

Bibi alifumbua macho siku ya pili, kwa rehema za Mungu. Lakini mkono wake ulitetemeka, na alimwita Mama kwa jina la dada yake marehemu. Daktari alisema mengine yatarudi taratibu. Mengine hakuweza kuahidi.

Mama alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa mafunzo na kwa msimamizi wa jengo, akawaeleza yote. Alionywa, hakufukuzwa. Fundi alikuja siku hiyo hiyo.

Jioni yake, kando ya kitanda, Chiriku alisema: "Mama, kuna jingine. Nilipomkuta hivyo, nilianza kuficha jiko. Nilifagia kwanza."

Chiriku alingoja kofi.

"Dakika ngapi?" Mama aliuliza.

"Labda kumi."

"Ni kosa kubwa, mwanangu, sitakudanganya kuwa ni dogo. Na langu lipo: nilikataza nisieleze sababu. Sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na haisubiri moshi. Jikoni kwetu kulikuwa na matundu chini ya paa, yakatuokoa bila sisi kujua. Nyumba ya huku haina. Lakini lishike hili: daktari hata asome miaka ishirini, hutibu kwa anayoambiwa. Ukimficha, umemfumba macho. Tungefukuzwa, tungepata nyumba nyingine. Ningekosa ubingwa, ningeishi. Mama yangu ningempata wapi?"

Chiriku alilia kwa kwikwi.

"Nani analia?" Bibi aliuliza, sauti kavu.

"Mjukuu wako," Mama alijibu. "Ana neno na wewe." Akainuka, akampisha kiti.

Chiriku akafuta pua, akakisogeza kiti karibu, akaushika ule mkono unaotetemeka. Akaanza kusimulia tangu asubuhi, bila kuruka kitu.