Gresi Nyingi Ndani ya Winchi ya Baba

Mimi ni Jemima, mshonaji wa Butembo. Kila Jumapili baada ya ibada tunakula kwa mama yetu Hulda: bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani. Tukishashiba, tunaanza kuongea juu ya boti ya baba.

Baba yetu Ananie, papa kama tulivyomwita, aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Ni boti ndogo, kuukuu, ya tanga. Upepo ndio mashini yake. Tulipokuwa watoto, kila likizo tulishuka ziwani. Baba alikunja suruali, mama alileta chai, nasi tuligombania nafasi. Ee, siku zile! Nikizikumbuka, moyo unafurahi na kuuma pamoja.

Baba alikufa miaka mitatu iliyopita. Boti ikabaki pwani, haina mtu.

Mwezi uliopita mdogo wangu Kitsa alitaka kuitengeneza. Kitsa ni fundi wa malori. Kwake hakuna ugonjwa usioponywa na gresi. Alifungua winchi, kile chuma cha duara kinachozungushwa kwa mpini ili kukaza kamba za tanga. Akaijaza gresi nzito ya lori mpaka ikafurika. Tulipovuta tanga, winchi ikarudi nyuma ghafla. Mpini ukampiga Kitsa kwenye mkono, na mkono huo ukavimba siku nne.

Mama alikasirika kweli.

"Basi! Ile boti itaniulia mutoto. Jumamosi Kasonia wa pale pwani atakuja na shoka. Aikate, apate kuni za kukausha samaki."

"Mama, hapana! Ni boti ya papa!"

"Na papa yako iko wapi? Nimesema."

Nililia, sifichi. Kisha nikamkumbuka Hadjara, mama mmoja wa mtaa wa Mulekera kule Beni. Ndiye anayetengeneza mashini yangu ya kushona. Kitsa alikuwa ameng'oa winchi na kuileta nyumbani. Niliitia ndani ya mfuko, tukapanda gari la Beni. Kitsa alikuja amefungwa bandeji mkononi. Mdomo wake, pole yetu, haukufungwa.

"Mama wa mashini ya kushona atajua nini juu ya boti?" alinung'unika njia yote.

Hadjara aligeuza winchi mikononi.

"Kitu kama hii sijaona hata siku moja," alisema. "Mais, lakini chuma ni chuma. Tufungue."

Alitandika kitambaa cheupe ndani ya beseni, akafungulia humo.

"Vyuma vidogo vinarukaka," alituambia. "Resori moja, ile springi ndogo, ikipotea, kazi imekwisha. Sasa muniambie. Zamani, papa yenu akizungusha, ilikuwa inalia namna gani?"

Nilifumba macho. Nikamwona baba, mgongo umeinama, jasho shingoni.

"Tak-tak-tak-tak," nilisema. "Haraka haraka."

Kitsa alinitazama, macho yamejaa machozi. "Ni kweli, yaya, dada yangu. Tulikuwa tunahesabu pamoja naye."

"Na siku ilikupiga?" Hadjara alimwuliza.

"Ilinyamaza kabisa. Nikasema, ah, gresi imeingia muzuri."

"Wapi! Kunyamaza ndiyo ugonjwa yenyewe!"

Alituonyesha vyuma viwili vidogo, kila kimoja na resori yake nyuma.

"Muone hivi vidole. Vinaacha winchi izunguke upande moja tu. Ikitaka kurudi, kidole kinasimama ndani ya meno ya hii chuma ya duara, kinaikataza. Ile tak-tak ni kidole kinaanguka kwenye meno. Sasa gresi yako nzito imevigandisha, haviinuke tena. Donc, basi, hakuna kitu ya kuzuia kamba."

"Mais kwa lori gresi ni nguvu," Kitsa alijitetea.

"Hii ni lori, baba? Kwa meno makubwa, gresi nyepesi, kidogo tu. Kwa vidole, tone moja ya mafuta ya mashini ya kushona. Gresi hapana!"

Kitsa alibeba beseni mwenyewe, bila kubisha. Ajabu!

Tulitoka nje, mbali na moto wa jiko. Tukaosha kila chuma kwa mafuta ya taa na burashi kuukuu ya meno. Tukakausha. Resori moja ilikuwa imechoka, Hadjara akaweka nyingine. Akatia matone yake, akafunga, akazungusha kwa kidole. Tak-tak-tak.

"Kila mwaka mufungue, musafishe," alisema. "Na mbele ya kukaza kamba, muzungushe kwanza na mukono, musikilize. Ikinyamaza, muache."

Jumamosi Kasonia alikuwa pwani na shoka lake, mama kando yake. Tulifunga winchi mahali pake, tukaizungusha, tukaisikiliza. Kitsa alizungusha kamba mara tatu juu yake, mimi nikashika mpini. Tanga likakazika, likajaa upepo. Mpini haukurudi hata kidogo.

"Kasonia, samahani," mama alisema. "Kuni, utafute fasi ingine, hapa hapana."

Alivua viatu, akakaza kikwembe kiunoni, akapanda. Akaenda moja kwa moja nyuma, akashika usukani.

"Mama, ile ni fasi ya papa," nilimwambia.

"Ya papa? Nani alikudanganya? Papa yako alikuwa anavuta kamba. Kuongoza ilikuwa kazi yangu. Ninyi batoto, macho yenu yote ilikuwa kwake." Akatazama maji. "Tangu alikufa, sikuwa na mutu wa kunivutia kamba. Jemima, vuta."

Nikavuta.