Mkono Ulioshika Lori

Saa kumi na moja jioni, mbele ya hospitali ya Kamenge, watu wapatao mia mbili walikuwa wakisubiri basi ambalo kila mmoja wao alijua halitakuja. Petroli ilikuwa imekosekana mjini kwa siku ya tisa. Elvire alisimama pembeni katika blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na sketi ya kitenge cha bluu. Kazi yake ilikuwa maabara: tangu asubuhi alikuwa amehesabu chembe za damu kwenye darubini, na sasa alihesabu dakika.

Baiskeli ikasimama mbele yake. Aliyeipanda alikuwa kijana mrefu, shati la kijani, mafuta ya mnyororo mpaka kwenye viwiko.

"Mama docta, unaenda wapi?"

"Mi si docta. Naenda Cibitoke."

"Basi panda. Mi natengenezaka vélo kulekule Cibitoke. Dakika kumi tu."

"Kumi kweli?"

"Kumi kabisa."

Elvire alikaa kwa upande, akakusanya sketi, akatazama saa. Walipofika alishuka, akaitazama tena.

"Dakika kumi na moja na nusu."

"Eh! Kumbe ulikuwa unapima?"

"Si ulisema kumi?"

"Nilisema mbele ya kujua uzito, mama."

Hapo Elvire alipaswa kukasirika. Badala yake alicheka, akaenda zake, na njia nzima akatafuta sababu ya kicheko kile asiipate. Hakupenda mambo yasiyo na sababu.

Kesho yake kijana alikuwa palepale. "Leo nimepaka mnyororo graisse. Dakika tisa." Zikawa tisa na sekunde arobaini. Siku ya tatu mabasi yalirudi barabarani, lakini Elvire akayaacha yapite, na hilo nalo hakulielewa.

Jina la kijana lilikuwa Divin Namegabe. Alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, na kwa miaka minane alibeba ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama. Kazi hiyo ina namna yake. Asubuhi mtu anapanda mlima na baiskeli tupu, na kwa kuwa mlima ni mrefu, anasubiri lori linalopunguza mwendo kwenye kona, anashika nyuma yake kwa mkono mmoja, linamvuta mpaka juu. Jioni anashuka na mikungu sita. Kwenye barabara ile wote hufanya hivyo, na wote wanajua waliokufa kwa kufanya hivyo.

Miezi miwili baadaye walikuwa wapenzi. Ndipo Divin alipomletea tangazo lililokunjwa mara nne: triatloni ya kwanza ya masafa marefu ya klabu moja ya michezo mjini. Kuogelea ziwani mita elfu moja mia tisa, baiskeli kilomita tisini, kukimbia kilomita ishirini na moja, bila kupumzika.

"Viboko je?" Elvire aliuliza.

"Viboko haviko na namba kifuani, chérie. Havishindani."

"Nauliza kweli."

"Kutakuwa mitumbwi ya kulinda. Nilizaliwa pembeni ya ile maji, usiogope."

"Na unatafuta nini huko?"

"Karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ukimaliza mbele ya masaa munane wanakupa diplôme. Iko na jina yako na masaa yako. Elvire, mi niko na miaka kumi na mbili mu hii muji. Karatasi zangu zote zinasema nilitoka wapi. Nataka moja iseme nimefika."

Kuanzia siku ile Elvire akawa saa yake. Kila Jumamosi jioni walikwenda chini ya mlima wa Bugarama. Yeye alipanda teksi mpaka kona ya juu, akasubiri na daftari. Divin alikuja akihema, katika kaptula nyeusi ya kubana ambayo Elvire hakuizoea.

"Hiyo kaptula, padri akikuona je?"

"Atasema amina. Ngapi?"

"Dakika kumi na tisa."

Baada ya wiki kumi ikawa kumi na saba, na haikushuka tena. Malori yalipita karibu naye yakiunguruma, na Divin hakuyatazama.

Sifa za daftari lile zilimfikia Sylvère, mkuu wa mashindano, mwalimu wa mazoezi mwenye kipenga shingoni hata siku za misa. Alimwomba Elvire awe mwamuzi kwenye kona ya juu. Chini ya mlima aliwekwa Kelly, rafiki yake wa maabara. Sylvère aliwasomea sheria: "Mukiona mutu ameshika gari, muandike namba na saa, munipigie. Huyo ametoka. Hata kama ni ndugu yenu."

"Hata kama ni bwana wa mutu?" Kelly aliuliza, akimkonyeza Elvire.

"Huyo zaidi."

Siku ya mashindano, Jumapili ya mwezi wa nane, anga ilikuwa ya vumbi na milima ya Kongo haikuonekana. Waogeleaji waliingia majini saa moja kamili. Elvire alikuwa tayari kwenye kona, kofia ya majani kichwani, fulana ya manjano ya waamuzi ikimpwaya. Simu ya Divin ilikuwa imempata alfajiri.

"Mama wa saa, niombee."

"Nitakupima."

"Ni kitu kimoja," Divin alisema, akacheka.

Saa tano na dakika sita Elvire aliinua macho na kutazama barabara ya chini, inayojikunja hatua chache chini ya kona yake. Lori la kreti za bia lilikuwa likikata kona polepole. Nyuma yake, mkono wa kulia ukiwa umeng'ang'ania chuma, alikuwa mtu wa kaptula nyeusi. Namba thelathini na moja.

Aliangalia mara mbili, kama anavyofanya na darubini. Kisha akaandika: *31, ameshika lori, 5:06*. Akampigia Sylvère. Sauti yake ilikuwa ileile anayoitumia kutoa majibu ya malaria.

"Una hakika?" Sylvère aliuliza.

"Nimeona."

Mara waendesha baiskeli sita wakamfikia kwa pamoja, akainama kuandika namba zao. Alipoinua kichwa, lori lilikuwa linampita, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Hakujua afikiri nini, hivyo hakufikiri. Aliendelea kuandika. Namba thelathini na moja ilipofika mbele yake saa tano na dakika ishirini na nane, ikilowa jasho, aliitazama namba na hakuutazama uso.

"Elvire!" Divin aliita. "Ngapi?"

Akaandika: *31, 5:28*.

Divin alimaliza saa nane na dakika thelathini na nane mchana. Masaa saba na dakika thelathini na nane tangu kuingia majini. Miguu yake ilikuwa imepauka chumvi, na alifika mezani akinyoosha mikono miwili kupokea karatasi. Sylvère akamweleza kwa upole kwamba hakuna karatasi.

"Nani aliandika?"

Sylvère akageuza fomu. Divin akasoma saini, akatazama watu mpaka akaiona fulana ya manjano ya Elvire.

"Kama ni yeye," alisema, "basi ni kweli."

Akachukua baiskeli yake, akaondoka akiikokota.

Jibu lile ndilo lililomsumbua Elvire. Mwizi hukana. Aliyesingiziwa hupiga kelele. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo mawili, na Elvire hakuwa na safu ya kumweka. Siku mbili nzima alihesabu chembe na kuzirudia. Siku ya pili, saa ya chakula, alipiga simu.

"Allo? Divin?"

"Ndiyo, mama."

"Ulishika lile lori?"

"Nilishika."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Sijui haiko jibu!"

"Ndo jibu niko nayo. Elvire, we ulisema kweli. Sasa unanipigia ya nini?"

"Nataka ukatae."

"Nikatae kitu uliona na macho yako? Niseme mbele ya watu we ni muongo?"

"Apana. Nataka... Sijui nataka nini."

"Unaona?" Divin alisema. "Na we hujui." Akakata.

Elvire alibaki na simu mkononi. Alikuwa na hasira, lakini hakuweza kutambua kama ni hasira ya aliyedanganywa au ya aliyekosea, na kwa mtu aliyesomea kutenganisha vitu vinavyofanana, hali hiyo ilimtisha.

Kelly aliyekuwa mezani akiosha vioo alisikia yote.

"Pole, sha. Na mi huyo mutu wako alinichanganya. Alinipitia mara mbili."

"Nini?"

"Kule chini. Niliandika thelathini na moja, saa tano na dakika mbili. Halafu saa tano na dakika kumi na moja, tena thelathini na moja. Nikasema Kelly, jua limekuchoma. Mutu atapitaje mara mbili? Nikakata moja."

"Ulikata ya wapi?"

"Ya pili. Kwani vipi?"

Elvire akavuta mkoba wake karibu. Alitoa daftari kwenye mkoba, daftari ambalo hakulifungua tangu Jumapili. Kulikuwa na mistari miwili ya namba thelathini na moja kwenye ukurasa mmoja. Ameshika lori, saa tano na dakika sita. Amefika juu, saa tano na dakika ishirini na nane.

Kutoka kona ile ya chini alipomwona, mtu anayevutwa na lori angemfikia kwa dakika tatu au nne. Divin alitumia ishirini na mbili. Na kutoka kumi na moja mpaka ishirini na nane ni kumi na saba. Kumi na saba kamili, ileile ya Jumamosi za mwisho.

Aliachia lori. Aligeuza baiskeli, akashuka mpaka chini kwenye meza ya Kelly, akaanza mlima upya.

"Yampaye inka!" Kelly aliguta kwa mshangao. "Mi nilimkata mutu mwenye kurudi!"

"We ulikata mustari," Elvire alisema taratibu. "Mi niliandika yote, na sikusoma."

Jioni ileile alikwenda kwa Sylvère na madaftari mawili. Sylvère alivaa miwani, akasoma safu zote, akakubali hesabu ni sahihi. Kisha akavua miwani.

"Nafurahi kujua, dada. Lakini aligusa gari?"

"Aligusa."

"Sheria haiulizi alirudi ama hakurudi. Nikimuachia huyu, mwaka ujao kila mutu atasema alirudi."

Elvire alitafuta kosa katika maneno hayo. Hakulipata. Hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote: Sylvère alikuwa na haki, yeye mwenyewe alikuwa ameandika ukweli, na bado mtu aliyefika alikuwa hana karatasi.

Jumamosi asubuhi, baada ya kazi za jamii, alikwenda Cibitoke. Karakana ya Divin ilikuwa chini ya bati mbili, magurudumu yakining'inia kama nyungo sokoni. Elvire alivaa gauni la njano ambalo Divin aliwahi kulisifu. Alijisemea alilichagua kwa sababu lilikuwa safi.

Divin hakuinuka. Alikuwa akinyoosha spoki za gurudumu.

"Mbona hukuniambia ulirudi?"

Mkono wake ukasimama. "Nani alikuambia?"

"Hesabu."

Divin akacheka kidogo, bila furaha. "Nikuambie nini? Mutu akiiba kitu halafu akairudisha, anaenda kupigiwa makofi?" Akainua mkono wa kulia, mweusi kwa mafuta. "Miaka munane huu mukono unashikaka lori pale kwenye ile kona. Ile siku miguu ilikuwa imekufa. Nilisikia lori nyuma, nikasikia upepo, nikafurahi. Kuangalia, mukono uko kwenye chuma. Mukono ilishika, kichwa haikujua. Ukiniuliza kwa nini, nasema sijui."

"Wangu pia," Elvire alisema. "Mukono uliandika sita, ukaandika ishirini na nane, kichwa hakikusoma. Ulinipita ukaniita, na sikukuangalia."

"Hiyo ndo iliniuma. Karatasi si kitu."

"Ni kitu."

Akafungua mkoba, akamkabidhi karatasi moja nyeupe, iliyochapwa kwa mashine na kusainiwa kwa wino. Divin alijifuta mikono kwanza, akaisoma kwa sauti ya chini:

*NAMEGABE Divin, namba 31. Aliogelea, aliendesha, alikimbia. Kwenye mlima wa Bugarama alishika lori. Akaachia, akarudi mpaka chini, akaupanda wote kwa dakika kumi na saba. Masaa saba, dakika thelathini na nane. Amefika.*

Akaisoma tena. "Umeweka na lori."

"Ni kweli."

"Si ungeliacha?"

"Ningeliacha lori, usingeniamini kwenye hilo neno la mwisho."

Divin aliiweka karatasi juu ya kiti, mbali na mafuta, akaiwekea spana isipeperuke. "Na hii signature, nani anaitambua mu hii inchi?"

"Baba yangu anaijua."

Jirani alikuwa akigonga bati, akaacha, kana kwamba naye anasikiliza.

"Baba yako anakaa wapi?"

"Bugarama. Juu kabisa."

Divin akasimama, na akasahau kujikung'uta. "Chérie, kwenu mutu haendaki kuomba binti peke yake. Nitafute wazee. Nitafute na bia."

"Tafuta. Wazee na bia wapande gari. Wewe panda na vélo."

"Na we utakuwa wapi?"

"Kwenye kona. Na saa."

"Kumi na saba," Divin alisema, akiushika mkono wake kwa mkono uleule wa kulia, mafuta yakiingia kwenye gauni la njano.

"Tutaona," alisema Elvire, na hakuutoa mkono.