Mkono wa Pembeni

Nilikwenda Baleni jioni kununua kamera, siyo kusikiliza upuuzi. Shaibu, mpiga picha wa huko, alikuwa anauza ile aliyopigia picha za harusi na vichanga, DSLR ya wanaoanza, na lenzi yake ndogo inayokuja nayo kwenye boksi. Walimu wenzangu wamening'iniza makamera ya mamilioni shingoni na picha zao zote zina ukungu. Washamba. Mimi Polycarp nilisoma mtandaoni miezi miwili kabla ya kutoa shilingi yangu.

Shaibu ni mkubwa kwangu, lakini shikamoo niliimeza. Mnunuzi ni mimi.

"Ina kasoro moja," nilimwambia, ajue hamuuzii mjinga. "Tundu la kuchungulia halionyeshi picha yote. Vitu vya pembeni kabisa huvioni mpaka umeshapiga."

Hakubisha. "Mwanao ana siku ngapi, mwalimu?"

"Ishirini na tatu."

"Basi subiri atoke arobaini. Kwa kamera hiyo, nakuomba."

Nikamcheka usoni. Watu hawa, hata mashine wanaifungia hirizi.

Nyumbani mwanga ulikuwa ungalipo. Mke wangu Eufrasia akakaa mkekani, Faraja mikononi. Nikachungulia. Mama, mtoto, ukuta mtupu.

Kacha.

Kwenye skrini, pembeni kabisa kushoto... ncha za vidole vitatu. Vina hina.

Eufrasia hajawahi kupaka hina.

Si nilisema, vitu vya pembeni. Lakini chumbani tulikuwa watatu tu. Nikapiga tena. Harufu ya udi ikaingia, na sisi hatuna udi. Safari hii mkono ulikuwa katikati ya picha, umekinga kichwa cha mtoto. Kwenye tundu sikuuona. Elimu yangu ikaniishia hapo.

"Baba Faraja," Eufrasia alinong'ona. "Mbona mtoto amekuwa mwepesi?"

Nilimpigia Shaibu simu, nikamweleza kuhusu mkono.

"Huyo ni Mwanaharusi, marehemu mke wangu," alisema taratibu. "Nikipiga picha za vichanga, yeye ndiye aliyekuwa akiwashika kichwa, kwa pembeni, asionekane. Sisi hatukujaliwa mtoto. Waliotoka arobaini hawagusi."

"Na huyu?"

"Piga nyingine, mwalimu. Labda atakuwa amemwachia."

Labda. Nilimdharau hata pale.

Kacha.

Mkono haukuwepo. Nikashusha pumzi... kisha nikatazama vizuri. Kwenye picha, Eufrasia alikuwa amekumbatia khanga tupu.

Nikainua macho. Faraja yupo. Ananyonya.

Sasa ana miezi mitano. Analia, anakula uji, anacheka na mtu nisiyemwona. Kila tukimpeleka kliniki, muuguzi anaugonga kwa kidole mzani uliogoma kwenye sifuri, anasema umeharibika, anaomba uletwe mwingine.